Samaki wa Arobaini na Moja

Kalipa ina baridi kuliko samaki.
Saa kumi na mbili na nusu, Butiaba,
lori la barafu bado halijafika kutoka Hoima,
nami nimeshamlaza wa kwanza ubavuni juu ya turubai,
kichwa kushoto, kama tulivyofundishwa:
wote kichwa kushoto,
hata waliokufa wakiwa na haraka.

Ncha ya pua hadi mzizi wa mkia.
Ncha ya pua hadi ukingo wa kifuniko cha matamvua.
Kisha jicho, ukingo kwa ukingo,
na usilibane, maana jicho
hukubali uongo likibanwa kidogo tu.
Mwisho shina la mkia, pale pembamba,
pale ambapo ungemshika
kama ungetaka kumrudisha majini.

Ziwani humu sangara ni wawili.
Mmoja hukua hadi akavunja mgongo wa mbebaji.
Mwenzake hakui sana, hukaa chini kilindini,
na giza limemkopesha jicho.
Ndivyo vitabu vinavyosema.
Havikazii kwamba sangara mchanga, wa ukoo wowote,
huwa na jicho lililomzidi uso,
kama mtoto yeyote.
Ndiyo maana hatuulizi jicho ni milimita ngapi.
Tunauliza: linaingia mara ngapi kichwani?

Ocaya anaandika. Natamka, anarudia.
"Kichwa, sitini na nne nukta mbili."
"Sitini na nne nukta mbili."
"Jicho, kumi na nne kamili."
"Kumi na nne kamili."
Ukitusikia kwa mbali utadhani tunasali.

Afoyorwoth, mkaanga samaki, hapimi.
Anamshika, anamtupa: beseni la kulia.
Anamshika, anamtupa: beseni la kushoto.
Nikamwuliza anatazama nini.
"Huyu ukimkaanga hujikunja. Yule hutulia."
Lakini kabla ya kukaanga?
Akanicheka. "Na wewe, mwanao unampima
ndipo umwite jina?"

Nikampa ishirini, mmoja mmoja, kutoka ndani ya gunia.
Kumi na tisa tukakubaliana, yeye na namba zangu,
na sikumwambia jinsi nilivyofurahi.
Wa ishirini akamkalisha kiganjani,
akamgeuza, akamnusa,
akamweka chini, kwenye mchanga,
kati ya beseni na beseni.
Kisha akaenda kuchochea moto wake.

Huyo ndiye wa arobaini na moja daftarini.
Nimempima mara tatu.
Jicho linaingia kichwani mara tano na kitu.
Mara tano kasoro kitu.
Mara tano.
Jua limepanda, ngozi inakauka,
jicho linazama ndani ya tundu lake,
na kila nikimrudia ni samaki mwingine.
Korongo wawili wamesogea, wao hawana swali.

"Niandike nani?" Ocaya anauliza.
Safu ni mbili. Jinja wanataka safu mbili zijae.

Nami nilijazwa hivyo hivyo shuleni Kigorobya.
Mwalimu aliinua uso: "Kabila?"
Baba Mnyoro, mama Mwaluri wa Panyimur,
nami nikasimama mbele ya meza
nikisikia kalamu ikigonga karatasi.
Aliandika la baba. Hakuna aliyenionea;
nafasi ilikuwa ndogo.

"Andika namba," namwambia Ocaya.
"Zote tatu. Tarehe, Butiaba, nyavu za mita thelathini."
"Na jina?"
"Acha pawe wazi."
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuacha mlango
bila komeo usiku.

Nikamfunga uzi mkiani, karatasi ndogo, 41
kwa penseli, kwa sababu wino hulewa ndani ya fomalini.
Nikamtumbukiza. Akashuka kichwa chini,
akagusa kitako cha chupa, akalala ubavu,
kwa bahati tu, kichwa kulia.

Sikumgeuza.
Lori linapiga honi juu mteremkoni.
Afoyorwoth anaita: mafuta yamechemka, nani ananunua?
Ocaya amefungua ukurasa mpya.
"Wa arobaini na mbili," anasema. "Kichwa?"